Uje na Sakin

Kuna uongo unaoweza kuumeza kwa funda la maji ukaendelea na kazi zako. Na kuna uongo wa Paulino.

Paulino alisimama mbele ya chifu wa mtaa, mkono kifuani kama anayeimba kwaya, akasema alipofika Gumbo, ng'ambo ya mto kutoka Juba, alikuta nyasi. Nyasi tupu! Hakuna nyumba, hakuna jiko, hakuna hata kuku. Akafyeka kwa mikono yake, akasimamisha nguzo, akaezeka bati, akafungua duka la mkaa na saruji kando ya barabara ya Nimule. Sasa anakuja mwanamke kutoka kambini Uganda, malapa yamekatika, anasema ni kwake.

"Mimi iko na watu wanajua hiyo pahali," Paulino alisema kwa Kiswahili chake cha Koboko, mpakani Uganda. "Yeye iko na nani?"

Na huyo Paulino, jamani, alikuwa amekula mahali pale miaka sita. Miaka sita! Kila adhuhuri aliegesha bodaboda yake chini ya turubai la Kiden, mwanamke huyohuyo, akaagiza samaki wa mchuzi kwa asida, ule ugali wetu, na kichwa cha samaki ni yeye aliyewekewa, kwa sababu alikipenda na Kiden alikuwa mpishi wa kukumbuka mtu anapenda nini. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda akishakupiga teke hasemi kwamba hajawahi kukuona.

Kiden alilipuka palepale. Hakungoja zamu yake. "Nyasi? Nyasi ina mafiga? Mwezi wa saba ule bunduki zilipolia nilitoka hapo na watoto wawili na unga nusu gunia! Masufuria niliacha, viti niliacha, hata kisu cha marehemu mama yangu nilikifukia chini ya mafiga, kipo mpaka leo! Chifu, huyu mtu amekula kwa mikono yangu!"

Chifu Wani, mzee mnene mwenye kuchoka haraka, alipunga mkono basi, basi. Naye alikuwa amekulia Uganda wakati wa ukimbizi wa zamani, kwa hiyo baraza lake lilikwenda kwa Kiswahili, na Kiarabu kikaingia kilipotaka. Pembeni yake aliketi karani Emilio. Huyo alisomea Khartoum, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuvutavuta, si hiki chetu cha sokoni. Emilio aliandika, akanong'onezana na chifu, kisha akamwelekezea Kiden kalamu.

"Alhamisi," akasema. "Uje na sakin."

Muulize yeyote sokoni Juba sakin ni nini, atakuonyesha kisu. Kiden akaitikia kwa kichwa. Vizuri. Amesema kisu kipo, wametaka kisu. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka aliona kuna mtu amemsikiliza.

Jumatatu asubuhi alifika Gumbo na jembe la kuazima.

Paulino alikuwa ameketi mbele ya duka, kikombe cha chai mkononi, na mwenye chai, Mama Gune, alikuwa palepale kwenye benchi lake na birika zake. Paulino hakumzuia. Alitaka kucheka. "Chimba, dada," akasema. "Chimba mpaka utokee Adjumani kambini."

Mafiga yenyewe hayakuwepo. Paulino alikuwa ameyafanya ngazi ya duka lake, na Kiden aliyaona mara moja, mawe yake matatu yenye masizi, watu wanayakanyaga kwa viatu. Alitaka kumrushia jembe. Badala yake alizunguka nyuma, akasukuma magunia mawili ya mkaa kwa mguu, akaanza kufagia vumbi kwa wayo mpaka akaona udongo umebadilika. Mahali palipowaka moto kila siku miaka kumi udongo huwa mwekundu na mgumu kama tofali, na mvua mbili haziutoi. Akasimama katikati ya wekundu ule, akapiga jembe.

Hakuchimba sana, kiasi cha mkono mpaka kiwiko. Gunia alilofungia lilikuwa limeoza. Mpini wote ulikuwa umeliwa na mchwa. Kilichobaki kilikuwa kipande cha kutu kirefu, kimevimba, kinapukutika ukikigusa, na mtu asiyejua angedhani ni ganda la mti.

Kiden alikaa chini akalia. Asifikiri mtu kwamba alilia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, meno yameumana, na kila chozi alilifuta kwa nguvu kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisu kile mama yake alikitumia Arua, Uganda, miaka ya ukimbizi wa kwanza, kimefuliwa na mhunzi kutoka chuma cha springi ya lori, na kimekata vichwa vya samaki wengi kuliko watu wote wa Gumbo. Mama yake hakuwahi kukilaza na maji usiku hata mmoja. Sasa angalia.

"Hiyo ni skrepa," Paulino alimwambia akipita. "Peleka kwa wanaopima kilo."

Kiden alikifunga kwenye kitenge, akashika njia ya daraja.

Alikuwa amefikia mtaa wa New Site, kwa rafiki yake Keji, ambaye ukimbizi wake ulikuwa Kakuma, Kenya, na aliyerudi na mdomo wa kule.

"Hii ndio unapelekea chifu?" Keji aliuliza. "Wacha mchezo! Hii hata panya hawezi kuiogopa."

"Ndiyo maana nitaisafisha."

"Si upeleke tu hivyo? Wameitisha kisu, si wameitisha kioo."

Kiden akamkazia macho. Siwezi, akasema. Walaji wake wote wanakijua kisu kile kwa umbo: tumbo limelika katikati kwa kunolewa, ncha imeinuka, na kwenye mgongo kuna pengo dogo alilolifanya mwenyewe akiwa mtoto kwa kupasulia mfupa wa ng'ombe, akachapwa kwa ajili yake. Chini ya kutu ile hakuna atakayeona pengo. Na hata kama wangeona, hawezi kusimama mbele ya watu na kisu cha mama yake kikiwa katika hali hiyo. Afadhali aende uchi.

Alikilaza kwenye beseni la maji ya ukwaju, mazito, siku nzima na usiku. Jumanne alikitoa akakikwangua kwa gunzi la mahindi, kisha kwa jivu na tone la mafuta ya taa. Maji yakatoka meusi, yakatoka mekundu, yakatoka meusi tena. Akavunja tofali akalisaga, akatia unga wake kwenye kipande cha gunia chenye maji, akasugua. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kila alipofikia neno nyasi kichwani alisugua kwa nguvu zaidi, na alilifikia mara nyingi.

"Hey, punguza!" Keji alimwambia. "Utammaliza Paulino, umalize na kisu."

Saa sita akapita Ezbon, mnoaji, na baiskeli yake ya jiwe la kuzunguka, kengele inalia. Akaona kazi ile akashuka bila kuitwa. "Mama, lete hapa. Dakika mbili tu, kitang'aa kama sarafu."

"Hapana."

"Unajitesa bure."

"Jiwe lako linaunguza chuma," Kiden alisema bila kuinua macho. "Makali yanageuka bluu, kesho yanajikunja kwenye nyanya. Na linakula. Kisu hiki kikiliwa umbo lake sina ushahidi. Nenda."

Ezbon alinuna, akapanda baiskeli. "Hasira hasara, mama."

"Hasara nimeshaipata. Hasira ndiyo iliyobaki, na hiyo sikupi."

Kufika Jumanne jioni pengo lilionekana. Dogo, pembe tatu, palepale lilipokuwa. Kiden alilipapasa kwa ukucha. Lakini bapa halikurudi kuwa laini. Kutu ilikuwa imekula ndani, ikaacha vidoa vya shimoshimo upande mzima, mfano wa uso wa mtu aliyeugua ndui. Alijaribu kuviondoa, akaona akiendelea atatoboa. Akaviacha.

Jumatano ilikuwa ya mpini na makali. Alichonga tawi la mwarobaini, akafunga bapa kwa kitambaa chenye maji ili lisiungue, akautia ule mkia wa kisu motoni mpaka ukawa mwekundu, kisha akausukuma ndani ya mti huku moshi unamwingia puani. Ukashika. Halafu akaketi na jiwe la mtoni, maji kidogo, akanoa polepole, kisu kimelala, mkono umetulia, kama alivyofunzwa. Hapo hakusugua kwa hasira. Makali hayataki hasira. Ukiyafanyia hasira yanakukata. Mwisho akapaka mafuta ya lulu, yale yanayokamuliwa kwa kokwa za porini, na Keji akaleta nyanya. Kisu kiliipita kabla hajakikandamiza.

"Haki, Kiden," Keji alisema taratibu. "Wewe ni noma."

Alhamisi watu walijaa barazani. Paulino alikuja na shati la mikono mirefu na watu wake watatu: vijana wawili wa kupakia saruji, na Mama Gune, ambaye alitazama chini muda wote. Kiden alipoitwa alisogea mbele, akafungua kitenge, akakiinua kisu juu ili wote waone.

Loo! Hakumaliza hata kupumua. Askari wa mlangoni alimrukia, akamkunja mkono nyuma, kisu kikaanguka chini kwa mlio. Wanawake wakapiga kelele. Benchi likapinduka.

"Amekuja na kisu! Amekuja kuchinja mtu!"

"Mliniambia nilete!" Kiden alifoka, uso umebanwa ukutani. "Niachie! Mliniambia wenyewe! Huyo hapo, karani, muulizeni!"

Emilio alikuwa amesimama, kalamu mkononi, macho yamemtoka. "Mimi? Mimi nilisema ulete kisu?"

"Ulisema sakin!"

"Saakin!" Emilio alilivuta neno, akalivuta tena. "Saaa-kin! Mkazi! Mtu anayekaa pale! Shahidi, mama! Nilisema ulete mkazi wa pale aje aseme kama anakujua! Lahaula!"

Baraza zima likacheka. Lilicheka mpaka askari akalegeza mkono. Paulino alicheka kuliko wote. Alijipiga mapaja, akafuta machozi kwa mkono wa shati lake zuri. "Chifu, unaona? Ameambiwa lete mtu, analeta kisu. Kesho mwambie lete mbuzi ataleta kijiko. Kalas, hana mtu!"

Kiden alisikia kicheko kile mwilini. Siku tatu. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, kucha zimeingia kutu, na yote kwa sababu ya neno lililovutwa kidogo. Aibu ilimshika kwanza, akatamani sakafu impokee. Lakini aibu haikukaa. Hasira ilikuwa imemtangulia kwa siku nyingi, ikaisukuma aibu nje kama mwenye nyumba.

Aliinama akaokota kisu. Safari hii alikishika kwa bapa, mpini ukiwa mbele, na askari hakumgusa.

"Chifu," alisema, "mnataka mkazi aliyekuwepo kabla ya mwezi wa saba. Niambieni ni mkazi gani aliyebaki. Jirani yangu wa kulia yuko kambini Bidibidi. Wa kushoto alikufa njiani, tulimfukia Pageri. Hawa wawili wa Paulino, waulize walifika lini. Waulize!"

Chifu aliwatazama vijana. "Mlifika lini?"

"Mwaka jana," mmoja akasema. "Baada ya Pasaka."

"Na wewe mwenyewe, chifu, ulikuwepo?"

Watu waliguna. Chifu haulizwi hivyo. Lakini Kiden alikuwa ameshavuka mto, hakuwa anaangalia ukingo. "Ulikuwa Nimule mpakani, nilikuona. Sikulaumu, mimi nilikuwa nyuma yako. Sote tulikimbia! Paulino alikimbia, karani alikimbia. Gumbo haikubaki na mtu. Aliyebaki ni huyu." Akakiweka kisu mezani, juu ya karatasi za Emilio. "Huyu hakukimbia. Alikaa palepale, chini ya moto wangu, mwaka na nusu. Mmetaka sakin. Vuteni neno mnavyotaka, nimewaletea."

Hakuna aliyecheka. Chifu Wani alikichukua kisu, akakigeuza. Alipitisha dole gumba kwenye vile vishimo, polepole, upande huu na upande huu.

"Chifu, usidanganywe!" Paulino alisimama. "Hii inang'aa, hii ni mpya, imenunuliwa sokoni Konyokonyo! Ile alifukua pale ilikuwa kutu tupu, haikuwa na mpini, mimi niliona na macho yangu!"

Chifu aliinua kichwa. "Kumbe alifukua."

Paulino alianza kurudi kuketi, chifu akamzuia kwa kidole.

"Alifukua kwako?"

"Alichimbachimba tu, chifu. Huku, kule. Pahali mingi. Mtu akichimba sana hawezi kosa chuma."

"Alichimba mashimo mangapi?"

"Mingi. Kumi. Sikuhesabu."

Chifu akawageukia mashahidi wa Paulino. Vijana wale hawakuwepo siku ile, walikuwa kwenye lori. Akamwangalia Mama Gune. Mama Gune akazidi kutazama miguu yake.

"Mama, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mashimo mangapi?"

"Moja," Mama Gune alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Moja, chifu. Alisukuma magunia, akafagia na mguu, akachimba moja. Akatoa hiyo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Paulino iliishia hapo, mbele ya mashahidi wake mwenyewe. Chifu alikaa na kisu mkononi. "Paulino," alisema, "mtu akiingia kwangu gizani anajikwaa. Mwenye nyumba ndiye anajua mahali pa kinu. Una siku saba. Bati ni lako, ng'oa. Mawe yake ya jiko umrudishie."

Mtu angedhani Kiden angepiga vigelegele. Keji alipiga kule nyuma, vitatu. Kiden hakupiga. Alimtazama Paulino akikunja mikono ya shati lake kana kwamba mambo yalikuwa ya kawaida, akatafuta furaha ndani yake asiione. Alikuwa na hasira bado. Alikuwa na hasira kwamba ilimbidi aombe. Kwamba mtu aliyekula kwake ilibidi akumbushwe na shimo.

Emilio alinyoosha mkono. "Kisu kinabaki hapa ofisini. Ni ushahidi. Mpaka siku saba ziishe."

"Hakibaki."

"Mama, ni utaratibu."

"Mashahidi wa Paulino mnawalaza hapa siku saba?" Kiden aliuliza. "Hawa vijana mnawafungia kabatini? Basi na wangu ameshasema, anakwenda kwake."

Chifu alitazama juu kwenye paa akiuma mdomo asicheke. Emilio akarudisha mkono.

Kiden hakungoja siku saba. Mchana uleule alipitia sokoni akavuka daraja na samaki wawili, nyanya, vitunguu na vitunguu saumu. Aliyang'oa mawe yake kwenye ngazi ya Paulino moja baada ya jingine, mteja mmoja akiwa bado amesimama juu ya la tatu, akaambiwa shuka. Aliyapanga juu ya ule udongo mwekundu, akawasha moto. Paulino alikuwa ndani ya duka. Hakutoka.

Alipoinua kichwa Mama Gune alikuwa amesimama karibu, amefunga mikono kifuani. Kiden alichochea moto.

"Mbona ulisema kweli?" akamuuliza.

"Niliulizwa mashimo," Mama Gune akajibu. "Paulino alinifundisha niseme nyasi. Juu ya mashimo hakunifundisha."

"Na hiyo ya nyasi, wangekuuliza ungesema?"

Mama Gune alifikiri, na kwa haki yake hakudanganya. "Ningesema. Benchi langu liko mbele ya duka lake."

Kiden alishika kisu akaanza kupasua samaki, haraka, bila kumtazama. Kisu kilipita kwenye mfupa kama hakuna kitu. Mama Gune hakuondoka. Alichutama upande wa pili wa moto, akasogeza sahani ya vitunguu saumu karibu yake, kisha akanyoosha mkono kuomba kisu.

"Kisu sikupi," Kiden alisema. "Menya kwa kucha."

Mama Gune akamenya kwa kucha.